Kura ya Saba Juu ya Daraja la Plum

Sehemu ya Kumi na Moja

Mkono ulioinuka ulikuwa wa Royce.

Ndiyo, msomaji, hukukosea, wala huna haja ya kulitafuta gazeti la wiki iliyopita ili uhakikishe. Gaylen Fiala alikuwa ametoa hoja kwamba Daraja la Plum libomolewe na lisijengwe tena kamwe. Mwenyekiti Vernon Dierks akauliza nani anaunga mkono. Kisha, kati ya wajumbe saba wa Bodi ya Kaunti ya Pruitt, mmoja akanyanyua mkono, naye alikuwa Royce Ahlquist, mdogo wake Marlys, tumbo moja na ziwa moja!

Marlys Hajek alikuwa safu ya pili, koti bado mwilini.

Miezi kumi na saba sasa daraja lile limezibwa kwa matofali makubwa ya zege. Na kila Jumanne ya pili ya mwezi, mwanamke huyu amekamua ng'ombe wake alfajiri, akaendesha maili ishirini na sita za kuzunguka badala ya saba za kupitia darajani, akakaa kwenye kiti kilekile cha chuma katika jengo la mahakama, na akarudi nyumbani na neno lilelile: wameahirisha.

Leo hawakuahirisha. Leo walitaka kuzika kabisa.

"Royce!" Marlys alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Wewe Royce! Una akili timamu?"

Nyundo ya mwenyekiti iligonga meza. "Mama Hajek, keti."

"Siketi! Huyo ni mdogo wangu."

"Humu ndani ni mjumbe wa kata ya nne. Na muda wa wananchi kusema ulifungwa saa tatu na robo."

"Mlinipa dakika tatu, Vernon! Tatu! Mashine ya kukata majani mmeijadili dakika arobaini!"

Hakusema uongo. Asubuhi ile waheshimiwa walikuwa wamebishana iwapo mashine ya kukata majani ya uwanja wa mahakama inunuliwe nyekundu au ya kijani, mpaka Arden Klute akatishia kujiuzulu iwapo itakuwa nyekundu. Walikuwa wamemteua mtu kwenye kamati ya magugu, mtu ambaye hakuomba, na ambaye kwa mujibu wa mjumbe Lorna Mostek alihamia Kansas tangu Krismasi. Walikuwa wamepiga kura hema la bia kwenye maonyesho ya kilimo lifungwe saa moja mapema, kisha wakapiga kura nyingine lisifungwe. Yote hayo kwa kauli moja, wakishushia na kahawa.

Sasa walikuwa wamefika kwenye daraja, na walitaka kulimaliza kabla kahawa haijapoa.

"Hoja imetolewa, imeungwa mkono," alisema Vernon. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mashamba mengi kuliko mtu yeyote upande ule, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyezoea kurudia jambo. "Karani, ita majina."

Royce hakuinua macho. Alikuwa anakitazama kikombe chake cha karatasi utadhani ndani kuna samaki.

"Siwezi kuita majina," alisema karani.

Kila mtu aligeuka.

Bernadine Zulkoski amekuwa karani wa kaunti ile miaka thelathini na moja. Huwaletea wajumbe vitumbua vya kolache vyenye jemu ya plamu, huandika kila wanachosema, na hajapata kuwaambia lolote zaidi ya "habari za asubuhi". Sasa alikuwa ameshika karatasi moja.

"Huwezi vipi?" Vernon aliuliza.

"Ajenda niliyobandika mlangoni inasema, nasoma, 'Daraja la Plum: ukarabati, majadiliano na uamuzi.' Ukarabati, mwenyekiti. Haisemi kubomoa. Wananchi hawakuambiwa habari ya kubomoa."

"Bernadine, hayo ni maneno tu."

"Ni sheria ya mikutano ya wazi. Mlinituma kwenye semina yake mara sita."

Watu wa viti vya nyuma walicheka. Vernon hakucheka. Alimgeukia mwanasheria wa kaunti, kijana aitwaye Trent Osterloh, ambaye alikuwa na mwezi wa nne kazini na bado alikuwa anavaa tai.

"Trent. Mwambie."

Trent alifungua kitabu. Akakifunga. Masikio yake yakawa mekundu.

"Samahani, mwenyekiti. Naona karani yuko sahihi."

"Mapumziko!" Nyundo iligonga. "Dakika kumi!"

* * *

Marlys alimkamata Royce kwenye korido, karibu na mashine ya kahawa, kabla hajaufikia mlango wa choo cha wanaume.

"Unakwenda wapi?"

"Dada, si hapa."

"Hapahapa. Vua kofia ukizungumza na mimi."

Royce alivua kofia. Ana miaka hamsini na tatu, ana wajukuu wawili, lakini kwa Marlys bado ni yule mtoto aliyefundishwa naye kufunga kamba za viatu.

"Ripoti ya injinia..." alianza.

"Nimeisoma mara nne! Injinia anasema boriti moja imepasuka. Moja! Kazi ya miezi mitatu, anasema. Sasa wewe na Gaylen mnataka kubomoa daraja zima kwa boriti moja?"

"Ni daraja la zamani, Marlys. Litakuja kuua mtu."

"Limeshakaribia kuua mtu! Nusura limuue Delbert kwa sababu limefungwa!"

Hapo Royce akafumba macho.

Hilo nalo wasomaji wapya walijue. Februari hii, asubuhi ya baridi ya kupasua mabomba, Delbert Hajek, mume wa Marlys, alianguka katikati ya ng'ombe wake, kiharusi. Gari la wagonjwa lilitoka mjini maili saba tu kutoka hapo. Lilizunguka. Lilifika baada ya dakika arobaini na moja. Daktari alisema kwa upole kwamba lingewahi nusu saa mapema, dawa ingefanya kazi. Leo Delbert anakaa kwenye kiti chenye magurudumu karibu na dirisha la jikoni. Mkono wa kulia haumo tena katika mahesabu yake. Maneno yaliyombakia ni manne, na moja ni jina la mke wake.

"Nitazame," alisema Marlys. "Mimi na wewe tumezika wazazi pamoja. Nani amekununua?"

"Hakuna aliyeninunua."

"Basi umepatwa na nini?"

Royce aliangalia korido juu na chini. Mzee mmoja alikuwa anasoma tangazo la chanjo ya mbwa. Royce akamvuta dada yake chini ya ngazi, mahali panapowekwa mafagio na ndoo.

"Ile boriti haikupasuka kwa uzee," alisema.

"Unasemaje?"

"Mwezi wa kumi. Mwaka juzi, wakati wa mavuno. Mvua ilikuwa inakuja, mbingu nyeusi mpaka chini, na mahindi hayajafika ghalani. Kibao kinasema tani nane. Nilipita na lori la tani ishirini na tatu."

Marlys alishika fagio lililokuwa karibu.

"Nilisikia. Sauti kama bunduki. Nilifika ng'ambo, nikashuka, nikachungulia chini, giza lilikuwa limeshaanza kuingia, sikuona kitu. Nikajiambia ni ubao tu. Nikaenda zangu. Wiki tatu baadaye injinia akaja kufanya ukaguzi, akakuta ufa, akafunga. Nami nikanyamaza."

"Ukanyamaza."

"Chuma kilichovunjwa na kutu na chuma kilichovunjwa na mzigo havifanani, dada. Wakianza kukarabati atakuja mtu wa serikali ya jimbo na vipimo vyake. Ataona. Ataanza kuuliza nani alipita. Wakibomoa, vyuma vinakwenda kwa wauza chakavu na hakuna anayetazama. Ndiyo sababu. Sasa unajua."

Mlikuwa mnadhani atampiga? Hata yeye alidhani hivyo. Mkono wake ulikuwa umeshakunja ngumi. Lakini kilichomtoka kilikuwa swali, na lilitoka kwa sauti ndogo sana.

"Ile asubuhi ya Delbert, ulikuwa wapi?"

Royce ni mtu wa kujitolea kwenye kikosi cha zimamoto tangu alipomaliza shule. Ana redio ya kikosi jikoni kwake, haizimwi.

"Nilikuwa nakunywa kahawa," alisema. "Nilisikia wakiita gari. Nikasikia anwani yenu. Nikamsikia dereva anauliza, 'Plum bado imefungwa?' Wakamwambia imefungwa, zunguka. Mimi nilikaa naitazama saa ya ukutani, Marlys. Dakika zote arobaini na moja. Niliitazama moja baada ya moja."

"Kisha ukaja hospitali na maua."

"Ndiyo."

"Ukanikumbatia."

"Ndiyo."

Ndoo ilianguka. Marlys alikuwa ameegemea ukuta na kuipiga teke bila kujua. Alitaka kulia na hakupata machozi. Alitaka kutukana, na matusi yote aliyoyajua yalikuwa madogo.

"Nisikilize," Royce alinong'ona haraka, maana nyayo zilikuwa zinarudi ukumbini. "Bado kuna njia. Lorna ana kura tatu za ukarabati, na Vernon anazo tatu za kubomoa. Mimi ni wa saba. Hoja ya ukarabati ikija, leo au mwezi ujao, nitapiga ndiyo. Daraja lako utalipata. Mtu wa vipimo akija, nitajua la kufanya, labda haoni, labda haulizi. Ila wewe unyamaze. Usimwambie mtu. Usimwambie hata Delbert."

"Unaniuzia daraja langu mwenyewe?"

"Nakuomba, dada."

"Bei yake ni mimi kunyamaza juu ya mume wangu?"

"Nina shamba, nina watoto. Wakijua, nimekwisha."

"Na mimi je? Mimi bado nipo?"

"Royce!" Sauti ya Vernon ilipasuka kutoka mlangoni, kali kama ya mtu anayeita mbwa. "Ndani!"

Royce alivaa kofia, akaivua tena, akaenda. Marlys hakuwa amemjibu ndiyo wala hapana.

* * *

Kikao kilianza upya saa nne na dakika ishirini na tano.

"Kwa kuwa kuna mkanganyiko wa ajenda," alisema Vernon, "hoja ya Gaylen imeondolewa. Tutaibandika upya vizuri, tutaipigia kura mwezi wa tano. Suala la daraja limeahirishwa. Linalofuata, vibali vya mitaro."

Limeahirishwa! Mara ya kumi na saba! Kutoka viti vya nyuma kulisikika mguno mrefu, wa watu waliochoka hata kukasirika. Mkulima mmoja aliinuka, akavaa koti, akatoka bila kuufunga mlango.

"Ngoja kidogo, Vernon," alisema Lorna Mostek.

Lorna alifundisha darasa la tano kwa miaka thelathini. Nusu ya wajumbe aliwahi kuwasimamisha kwenye kona, akiwemo mwenyekiti.

"Bernadine, hebu nisomee tena ile ajenda."

"'Daraja la Plum: ukarabati, majadiliano na uamuzi.'"

"Kubomoa haimo. Ukarabati umo?"

"Umo."

"Na uamuzi umo?"

"Umo, Bi. Lorna."

"Basi natoa hoja Daraja la Plum likarabatiwe, kazi ianze kabla ya tarehe moja mwezi wa sita."

"Naunga mkono!" alipaza sauti mjumbe wa upande wa mashariki kabla Lorna hajamaliza.

Vernon alibaki mdomo wazi. Ajenda ileile aliyoitumia kuahirisha ilikuwa imemfungia mlango! Alimtazama Trent. Trent aliitazama tai yake.

"Ni halali, mwenyekiti," alisema kwa sauti ndogo.

"Ita majina," alisema Vernon, amekaza meno.

Bernadine aliita. Lorna, ndiyo. Wajumbe wawili wa mashariki, ndiyo, ndiyo. Gaylen, hapana. Arden Klute, ambaye huwa anasubiri kumsikia Gaylen, hapana. Vernon Dierks, hapana.

Tatu kwa tatu.

"Royce Ahlquist," aliita Bernadine.

Royce aligeuza kichwa polepole mpaka macho yake yakakutana na ya dada yake.

Marlys alimwona Delbert kwenye dirisha la jikoni. Aliiona barabara ya kuzunguka, matope ya Aprili, na gari la wagonjwa likija siku nyingine, maana daktari alisema kiharusi cha pili huja. Aliwaona majirani watatu wanaotegemea daraja lile, mmoja na ujauzito wa miezi minane. Akamwona pia huyu mtu mbele yake, akikaa jikoni kwake na kikombe cha kahawa, anatazama saa.

Akafanya jambo ambalo hakujua kama atakuja kujisamehe. Aliitikia kwa kichwa.

"Ndiyo," alisema Royce.

Ukumbi ulilipuka! Watu walipiga makofi, mtu akapiga mluzi, mama mmoja asiyemjua Marlys alimkumbatia kutoka nyuma mpaka miwani ikamtoka. Miezi kumi na saba! Lorna alikuwa anapiga meza kwa kiganja. Bernadine aliandika, na kila mtu aliona kwamba anatabasamu.

Marlys peke yake ndiye hakutabasamu. Alikuwa ameshinda, na kinywani mlikuwa na ladha ya shaba.

"Kimya!" Nyundo. "Kimya, nimesema! Kura hiyo haisimami!"

Makofi yalikatika.

"Haisimami kwa nini?" Lorna aliuliza.

"Mjumbe Ahlquist ni ndugu wa damu wa mlalamikaji. Daraja linamfaidisha dada yake. Ana maslahi binafsi, na mwenye maslahi hapigi kura. Kanuni ya tisa."

"Alipounga mkono kubomoa hukumwona kuwa ni ndugu?" Lorna aliuliza. "Damu imeingia saa ngapi, wakati wa mapumziko?"

Vicheko. Vernon hakujali. "Trent! Kanuni ya tisa!"

Kijana alisimama safari hii. Alikuwa amekisoma kile kitabu wakati wengine wanakunywa kahawa.

"Undugu peke yake haumzuii mtu," alisema. "Kanuni inazungumzia maslahi ya mjumbe mwenyewe. Kinachotakiwa ni kumuuliza. Akisema hana, kura yake inabaki. Akisema anayo, inafutwa, na sare maana yake hoja imeanguka." Alikohoa. "Jibu linaandikwa. Na linatolewa chini ya kile kiapo alichoapa siku alipoingia hapa."

"Muulize basi," alisema Vernon.

"Mheshimiwa Ahlquist. Je, una maslahi yoyote binafsi, au jambo lolote linalokuhusu wewe mwenyewe, kuhusu Daraja la Plum?"

Uone ulivyo mtego huu, msomaji! Akidanganya, daraja linajengwa. Akisema kweli, daraja linakufa papo hapo. Na dada yake, aliyejua hilo, alikuwa amekaa safu ya pili, kucha zimezama kwenye mkoba wake.

Royce alisimama. Hakuna aliyemwomba asimame.

"Sema huna," Marlys alinong'ona.

Royce aliishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Sema huna, Royce!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na hakujali. "Neno moja tu! Sema huna, twende nyumbani!"

"Mama Hajek!"

"Acha nizungumze na mdogo wangu! Royce, nimekuomba. Mimi ndiye ninayekuomba. Mimi!"

Watu walitazamana. Hawakuelewa kwa nini mwanamke huyu analia namna ile, wala kwa nini mdogo wake anamtikisia kichwa kwa upole, kama mtu anayemkatalia mtoto kitu kwa ajili ya faida yake.

"Nilikutazama ulivyoniitikia, dada," alisema Royce. "Sijapata kukuona na uso ule. Hata kwenye msiba wa mama." Akamgeukia Trent. "Ninayo."

"Unayo nini, mheshimiwa?"

"Jambo linalonihusu. Andika, Bernadine. Lile daraja nimelivunja mimi. Tarehe kumi na nane mwezi wa kumi, mwaka juzi. Nilipita na tani ishirini na tatu."

Mahali fulani nyuma, mwanamume mmoja alisema neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

"Na Delbert Hajek amepooza kwa sababu yangu. Andika na hilo."

Kalamu ya Bernadine ilikuwa imesimama. Kisha ikaanza tena kutembea.

Na nani, mnadhani, alikuwa wa kwanza kuzungumza? Vernon Dierks. Tena kwa haraka ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake.

"Inasikitisha. Inasikitisha sana. Ni mambo ya polisi hayo, si ya kikao. Kura imefutwa. Tatu kwa tatu, hoja imeanguka. Linalofuata, vibali vya mitaro."

Hivi hivi! Miezi kumi na saba, mume aliyepotewa na maneno, ndugu aliyejivua nguo mbele ya kaunti nzima, na sasa mitaro! Marlys aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mgongo wa kiti cha mbele. Ukweli ulikuwa umepatikana, na daraja lilikuwa limekwenda nao. Hakujua tena amkasirikie nani. Alikuwa amebakiwa na uchovu tu, uchovu wa mtu aliyesukuma gari bovu mlima mzima na kuliona likirudi nyuma.

"Sijamaliza, Vernon," alisema Royce.

"Umemaliza. Keti."

"Trent ameniuliza jambo lolote. Nimejibu nusu."

"Nimesema keti!"

"Mwache aseme," alisema Lorna. Sauti ilikuwa ileile ya darasa la tano, na nyundo ya Vernon ikaganda hewani.

Royce aliweka kofia yake mezani.

"Mimi sina lori la tani ishirini na tatu. Sijapata kuwa nalo. Kila mtu humu anajua nina lori gani, lile la bluu, mlango wake nimefunga kwa waya. Mwaka ule nilikuwa naendeshea mtu mwingine mavuno yake. Nilimpigia simu nikiwa kwenye kona ya Plum. Nilimwambia kibao kinasema tani nane, nizunguke? Akaniambia mvua inakuja, pita. Nikamwambia tena. Akaniambia, pita, mimi ndiye kaunti."

Arden Klute, ambaye maisha yake yote hajapata kutoa wazo kabla ya Gaylen, aliuliza kwa sauti ya kukwaruza:

"Nani huyo?"

Jibu halikuhitajika. Marlys alikuwa ameinua kichwa, na akaona kile ambacho ukumbi mzima ulikuwa unakiona: Vernon Dierks alikuwa ameshaweka nyundo chini na anachukua koti lake kwenye kiti, akitafuta tundu la mkono bila kulipata.

"Kikao hakijafungwa, mwenyekiti," alisema Trent.

Vernon aliupata mkono. Alipita katikati ya viti bila kumtazama mtu, na alipofika safu ya pili, Marlys Hajek alikuwa amesimama njiani.

"Nipishe, mama."

"Zunguka," alisema Marlys.